Mlio wa Sarafu ya Mkate

Ko. Ko. Ko.

Sauti ilipenya ukutani kutoka jikoni, mara tatu, fupi na nzito, kama mtu anayegonga boga lililooza kwa kidole. Velimir alikuwa ameinama juu ya babu yake, wembe mkononi, povu la sabuni limempanda mzee hadi sikioni. Mkono ukamganda palepale.

"Ondoa wembe," alisema mzee Radojko bila kufungua macho.

"Bado shavu moja, babu."

"Ondoa wembe nimekwambia. Hiyo siyo."

"Siyo nini?"

"Hiyo aliyogonga bibi yako. Siyo yetu."

Velimir alijaribu kucheka. "Babu, masikio hayo yana miaka themanini na moja, na hapa katikati kuna ukuta wa matofali."

"Masikio yangu yamezeeka, lakini bado ni yangu. Ile yetu huimba. Hii imekohoa."

Velimir aliufuta wembe kwenye taulo, polepole, bila kumtazama mzee usoni. Kwa maana mzee alisema kweli. Ile haikuwa yao. Na katika dunia nzima aliyejua sababu alikuwa mtu mmoja tu, naye ndiye huyu aliyeshika wembe.

Nyumba zote za kijiji kile, na vijiji vyote kandokando ya mto Danubi, huficha sarafu ndani ya mkate wa asubuhi ya Krismasi. Mkate huvunjwa kwa mikono, kila mtu hupekua kipande chake, na atakayeipata baraka ya mwaka ni yake. Kisha mwenye nyumba sharti aikomboe. Aliyeipata hutaja bei, na bei ile haikataliwi. Nyumba nyingi hutumia sarafu yoyote iliyo mfukoni. Nyumba ya Radojko ilikuwa na yake: shaba ya Warumi, pana kama kifuniko cha chupa, aliyoiokota babake Radojko nyuma ya jembe akiwa kijana. Tangu siku hiyo iliokwa kila mwaka. Iliokwa wakati wa vita, iliokwa wakati wa njaa, iliokwa kwenye unga wa mahindi pale ngano ilipoadimika. Na kila mara, kabla ya kuizika ndani ya kinyunya, mama wa nyumba aliigonga mara tatu kwenye ukingo wa chano cha kukandia: moja kwa waliotangulia, moja kwa waliopo, moja kwa walio njiani. Ngiii, ngiii, ngiii. Velimir alikuwa ameamshwa na mlio huo tangu utotoni.

Mwaka huu mlio ulikuwa na kazi nyingine. Moyo wa mzee ulikuwa umechoka. Daktari wa Belgrado alisema wazi: hautangoja masika. Mara mbili alipangiwa kupasuliwa na mara mbili alikataa, ya pili akiwa ameshafika mlangoni pa hospitali, akageuka na kurudi kwa basi peke yake, viatu vya wodini alivyopewa pale mlangoni vikiwa miguuni. Mwishowe, mwezi wa Novemba, alitoa sharti. "Nitavunja mkate na sarafu ya baba yangu," alisema, "kisha nipelekeni mnakotaka. Bila ya hiyo siendi popote. Mtanizika pale nyuma ya zizi." Upasuaji ukapangwa Jumatatu baada ya Krismasi. Baba yake Velimir, aliyekuwa akifanya kazi Viena, angefika Jumapili na gari.

Basi sarafu ndiyo iliyoushikilia moyo wa mzee. Na sarafu alikuwa ameipoteza Velimir. Wala hakuipoteza nje. Aliipoteza ndani ya chupa, mezani pake, ikiwa inamtazama.

"Nenda kamwite bibi yako," alisema mzee.

"Pengine unga umeishika, babu, ndiyo maana—"

"Kamwite."

Jikoni kulikuwa na joto la kuni za mwaloni. Bibi Stamena alisimama mbele ya chano, mikono nyeupe hadi viwikoni, kinyunya mbele yake kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Dada yake Velimir, Jagoda, alikuwa akirusha kokwa za jozi kwenye pembe nne za chumba, kama ada inavyotaka.

"Babu anakuita, bibi."

"Kasikia," alisema Stamena. Hakuuliza.

"Kasikia nini?" alisema Jagoda.

"Alichosikia ndicho nilichosikia mimi." Bibi alimtazama mjukuu wake, macho yale madogo ya buluu hayapepesi. "Nilinyamaza kwa sababu wewe ndiwe mjuzi. Nilijisemea, kijana kaisafisha, huenda sauti hubadilika. Sasa nakuuliza, kipanga wangu. Hii uliyonipa ni ipi?"

Velimir alisogea karibu na jiko.

Kijijini walimwita Kaisari wa Matope, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokiri. Mashamba yale yalikuwa juu ya makaburi na mitaa ya Viminakium, mji wa majeshi ya Roma, na kila jembe lilipopita ardhi ilitema shaba. Wakulima walimletea ndani ya visanduku vya viberiti, na kila masika mama mmoja wa makumbusho alikuja kuziandika. Hakuna shule iliyomfundisha Velimir. Alijifundisha mwenyewe, kwa lenzi, sindano na ubishi. Alijua mfalme kwa mkato wa nywele, mwaka kwa herufi za chini, na sarafu ya bandia kwa ukingo wake. Mtu akimwonyesha kisahani kipara kisicho na pua wala sikio, Velimir alikigeuza mara mbili kwenye mwanga na kusema, "Filipo, mwaka wa nane," akakirudisha kama mwalimu anavyorudisha daftari. Hakukosea mara nyingi. Na alipokosea, hakujisamehe.

Siku ya sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba, mwezi wa Novemba, aliitoa sarafu ya mkate kwenye kikopo cha chumvi, akaona ungaunga wa kijani ukingoni. Huo ni ugonjwa wa shaba, na kila mkusanyaji anauogopa kuliko mwizi: kijani hafifu leo, tundu kesho, na mwakani vumbi. Na ni ugonjwa unaoambukiza. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini yeye alijiona tabibu. Aliitia kwenye chupa ya mdomo mpana yenye maji safi na magadi, dawa ya wiki sita. Chupa ile tayari ilikuwa na sarafu kumi na nane zenye ugonjwa uleule, zote za Viminakium kama ile ya nyumbani, zote na picha ileile nyuma: mwanamke amesimama kati ya fahali na simba, akinyoosha mkono kila upande.

Kila moja kati ya zile kumi na nane aliifunga uzi na kikaratasi chenye namba. Ya nyumbani hakuifunga. Angeifunga ya nini? Nani huandika jina kwenye paji la uso la mama yake ili asimsahau? Aliijua kwa weusi wake, weusi wa masizi ya miaka themanini.

Magadi yakayala masizi. Yakazila nyuzi pia, nyuzi za bei rahisi alizonunua gulioni. Jana, alipoimimina chupa kwenye sinia, zilianguka shaba kumi na tisa zenye rangi moja ya kahawia, na karatasi kumi na nane zimekuwa uji.

Alikesha nazo. Alikumbuka kwamba ya nyumbani ilikuwa na kichwa cha Gordiano, mfalme aliyetawazwa akiwa mvulana, uso laini usio na ndevu. Alikuwa amewaambia watu hivyo tangu akiwa na miaka tisa. Akatenga za Gordiano, zikawa saba. Katika saba akachagua moja kwa macho, kwa kiburi, na kwa hofu. Akampa bibi, naye bibi akaigonga, nayo ikakohoa.

Yote hayo aliyasema sasa, amesimama karibu na jiko, akitazama sakafu iliyotandikwa majani makavu ya Krismasi. Alipomaliza, Jagoda alikaa kwenye kigoda, jozi mkononi.

"Profesa," alisema taratibu. "Ulipoteza mwaka jana funguo za trekta nikacheka. Hii sicheki."

"Jagoda."

"Ukimwambia, moyo utasimama leo. Usipomwambia, utasimama kabla ya Pasaka. Chagua, Kaisari, wewe si ndiye mjuzi?"

"Nyamaza, mtoto," alisema bibi. Alizamisha vidole ndani ya kinyunya, akaitoa sarafu ya uongo, akaipangusa kwa aproni na kuiweka kwenye dirisha. Halafu akafunika kinyunya kwa kitambaa. "Hiki kitangoja nusu saa. Zaidi ya hapo kitaanguka, na mkate ulioanguka siutii motoni siku ya Krismasi. Nendeni mkamlete. Na wewe, utamwambia mwenyewe."

Walimleta mzee kwa kiti chake, blanketi magotini, uso nusu umenyolewa na nusu una povu lililokauka. Velimir alimwambia. Maneno yalimtoka bila mpangilio, huku akiliangalia shavu la mzee, akingoja libadilike rangi, akingoja mkono uende kifuani. Mkono ulikwenda. Ukakaa pale. Kuni zikapasuka jikoni na wote wakashtuka.

"Kwa hiyo ziko kumi na tisa," alisema Radojko.

"Kumi na tisa, babu. Ipo ndani yake. Haijatoka nyumbani, naapa."

"Usiape siku ya leo. Miaka yote hii umenifundisha mimi Gordiano, Gordiano, kama kasuku. Umemkosoa padri. Umemkosoa yule mama wa makumbusho mbele ya wageni. Leo sarafu ya baba yangu mwenyewe, huijui?"

"Siijui."

Lilikuwa neno dogo, naye alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya mtu. Lilimchoma kuliko chumvi kwenye kidonda.

Mzee alivuta pumzi, fupi, ikaishia njiani. "Zilete. Na chano ukisogeze huku."

Stamena aligonga, kwa kuwa mkono ulioizoea ulikuwa wake. Radojko alifumba macho. Ya kwanza: ko. "Weka kule." Ya pili: ko. Ya tatu ilisema ta, kama kijiti kinachovunjika. Shaba iliyolala ardhini miaka elfu na mia saba huliwa kwa ndani, ikabaki ganda, ikigongwa hailii. Ile ya nyumbani ilikuwa imepikwa mara themanini, na moto wa mkate, kwa sababu asizozijua vyema Velimir, ulikuwa umeiachia sauti yake. Au ndivyo alivyotumaini. Ya saba. Ya nane. Alianza kufikiri mambo ya kutisha: kwamba magadi yameiharibu, kwamba imepoteza sauti humo humo ndani ya chupa, kwamba imeshapita mikononi mwa bibi ikakohoa kama wenzake na kutupwa kule. Kinyunya chini ya kitambaa kilikuwa kimegusa ukingo.

Ya kumi na moja: ngiii.

Radojko alifumbua macho.

"Endelea," alisema.

"Mzee, si umeisikia?"

"Endelea, Stamena. Kumi na tisa ni kumi na tisa."

Na ya kumi na sita nayo ikaimba. Ngiii, uleule wembamba, ukapaa hadi kwenye boriti na kukaa pale. Bibi aligonga ile, akagonga hii. Mzee aliinamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso upande ulionyolewa.

"Sijui," alisema hatimaye. "Zote mbili ni za nyumbani."

"Haiwezekani," alisema Velimir. "Moja ni ya shambani, ardhi haikuila kwa ndani."

"Basi chagua wewe!" Sauti ilipanda ikakatika, na Jagoda akakimbilia kikombe cha maji. "Chagua, mjuzi! Mimi nimefika mwisho wa masikio yangu."

Velimir alizipeleka dirishani. Theluji iliangaza nje, mwanga mzuri, mwanga usiodanganya. Ya kwanza ilikuwa Gordiano: kidevu laini, midomo ya mvulana. Ya pili ilikuwa Filipo, mfalme aliyemfuata: nywele fupi, ndevu za vinukta vinukta shavuni kama zilizochomwa kwa sindano. Ile ya Gordiano! Alikuwa ameiona hivyo kwa macho yake akiwa na miaka tisa, siku aliyoikuta ndani ya kipande chake, akakimbia nayo hapahapa dirishani: uso laini kabisa. Alishageuka kusema. Mdomo ulikuwa wazi.

Akaufumba. Kwa macho hayohayo alikuwa amechagua jana.

"Jagoda, niletee sindano yangu."

Chini ya lenzi aliipekua ile ya Gordiano pale ambapo maji huwa hayafiki, kati ya miguu ya simba. Palikuwa na punje moja nyeusi. Aliichokoa kwa ncha ya sindano, pumzi ameishika, akaiweka juu ya bamba la jiko lililokuwa jekundu. Wote waliinama. Punje ilikaa pale. Ilikaa kama jiwe, kwa sababu ilikuwa jiwe, chembe ya udongo wa shamba.

Kisha akamchukua Filipo. Ndani ya ndevu, vinukta vile vilikuwa vimeziba kwa kitu cheusi kigumu, na kingine kilijificha chini ya tumbo la fahali. Alichokoa mara mbili, mara tatu, sindano ikateleza na kumchoma kidole. Punje ilitoka, ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Akaidondosha kwenye bamba.

Iliwaka. Nukta nyekundu, ndogo kama jicho la panya, kisha uzi wa moshi, kisha hakuna kitu. Na kwa muda mfupi sana, mfupi hata baadaye Jagoda alidai hawakuinusa harufu hiyo bali waliitamani tu, jikoni kulinukia ganda la mkate ulioungua.

"Unga," alisema Stamena, akajishika mdomo kwa mkono mweupe.

"Unga," alisema Velimir. Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka, wala hakuona haya. "Masizi yalimziba ndevu, babu. Nilipomwona hakuwa mvulana, alikuwa mwanamume aliyepakwa mkate usoni. Miaka kumi na mitano namwita Gordiano, na yeye ni Filipo."

"Lete."

Mzee aliipokea. Aliisugua kwa kidole gumba, kwenye shavu la mfalme, na kidole kikaenda peke yake ukingoni, kikatafuta, kikapata kipengo kidogo ambacho hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuwahi kujua kwamba anakijua.

"Ndiyo hii," alisema. "Jiko, Stamena. Mkate usianguke."

Jagoda aliichemsha sarafu katika sufuria, bibi akaigonga mara tatu, nayo ikaimba. Mkate ulikaa jikoni saa nzima, na saa ile Velimir aliipitisha amesimama mlangoni, akisikiliza pumzi za mzee nyuma yake, kila iliyokuwa fupi akiihesabu. Shavu la pili halikunyolewa. Mzee alikataa. "Kama Kaisari ana ndevu," alisema, "mimi ninazo nusu."

Walisimama kuzunguka meza, mzee kwenye kiti chake, mshumaa katikati. "Kristo amezaliwa," alisema Radojko. "Kweli amezaliwa," wakaitika. Mikono minane ikaushika mkate, ikauzungusha mara tatu, ikavunja. Kipande cha nyumba kikawekwa kando, na cha msafiri. Kisha kila mtu akapekua chake kwa vidole, kimya, mvuke ukiwapanda usoni. Velimir hakukuta kitu. Jagoda hakukuta kitu. Radojko alikuwa amekimega kipande chake vipande kumi, na uso wake ulianza kuwa mweupe.

"Mzee," alisema Stamena. Sarafu ilikuwa kiganjani mwake.

"Mwizi!" Radojko alipiga meza. "Aliyekanda ndiye aliyepata! Watoto, mmeona bibi yenu?"

"Aliyekanda kapata, aliyelala kakosa. Ikomboe."

Mzee alianza kupapasa mfuko wa koti kutafuta pochi. "Sema bei. Unataka kitambaa kipya? Jiko la umeme?"

"Weka pochi yako. Nataka neno."

"Neno gani?"

"Unalijua. Ulisema utakwenda. Ulisema hivyo na mara ya kwanza, na mara ya pili ukarudi na viatu vya watu." Aliifumba ngumi juu ya sarafu. Sauti yake ilikuwa imara lakini ngumi aliibana kifuani, na Velimir akaona, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kwamba bibi aliogopa kuliko wote.

"Jumatatu kutakuwa na barafu barabarani," alisema mzee. "Pengine baada ya—"

"Bei haikataliwi, Radojko. Si mimi niliyeiweka ada hiyo. Waliiweka wazee, na baba yako aliishika."

Mshumaa ulicheza. Mzee aliitazama ile ngumi. Kisha Radojko aliegemea meza kwa mikono miwili, akainuka bila kusaidiwa, akasimama wima mbele ya mkewe na uso wake wa ndevu nusu, akanyoosha kiganja.

"Stamena," alisema kwa sauti, watoto wote wasikie. "Jumatatu alfajiri nitaingia ndani ya gari la mwanangu kwa miguu yangu mwenyewe, nitaupita ule mlango wa hospitali, na safari hii sitageuka. Nakuahidi."